Katibu anasema kumbukumbu za kamati ni siri. Nifanyeje?

SWALI

Mshauri, salaam.

Klabu yetu ni ya starehe na michezo, iko Mombasa, na imesajiliwa kwa Msajili wa Vyama. Tuko wanachama 140 hivi. Tuna ukumbi, jiko, meza za karata na bao, na kiwanja cha mpira wa wavu. Mwezi Machi kamati ilikaa, na baada ya kikao hicho tukaona mambo mawili. Ada ya mwaka ilipanda kutoka Sh6,000 hadi Sh9,000. Kisha jiko likakodishwa kwa mpishi wa nje kwa miaka 5. Kodi anayolipa hatukuambiwa, wala hatujui kama palikuwa na waombaji wengine.

Nilimwandikia katibu kwenye WhatsApp nikaomba kusoma kumbukumbu za kikao. Akajibu, "Kumbukumbu za kamati ni siri ya kamati." Nilipouliza tena akaniambia nisubiri mkutano mkuu. Mara ya tatu mwenyekiti mwenyewe aliingia, akasema kuna watu wanataka kuivunja klabu, na jioni ile nikatolewa kwenye kundi la wanachama.

Katiba yetu nimeisoma. Imeandikwa kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii. Kifungu kimoja chasema vitabu vya hesabu, hati zote zinazohusiana navyo na orodha ya wanachama vitakuwa wazi ofisini kukaguliwa na mwanachama yeyote, akitoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 7. Kingine chasema katibu ndiye mtunzaji wa kumbukumbu za mikutano yote, ya kamati na ya wanachama. Cha tatu chasema fedha haitoki benki bila azimio la kamati. Sijaona palipoandikwa kuwa mwanachama anaweza kusoma kumbukumbu za kamati, wala kuwa hawezi.

Je, nina haki au sina? Na nianzie wapi bila kuitwa mchochezi? Ada ya mwaka huu bado sijalipa, nangoja nielewe kwanza.

Mwanachama, Mombasa

JIBU

Ndugu mwanachama,

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo litakalokuangusha. Lipa ada. Katiba za vyama vingi hapa Kenya zinafuata mtindo mmoja, karibu neno kwa neno, na katika mtindo huo kimo kifungu kinachosema mwenye malimbikizo ya ada kwa zaidi ya miezi 6 hukoma kuwa mwanachama. Ukaguzi ni haki ya mwanachama. Ukiingia kwenye mvutano huu ukiwa na deni, hawatahitaji hata kujibu hoja yako; watasoma jina lako kwenye orodha ya wadaiwa na shauri litaishia hapo. Lipa Sh9,000 nzima, kwenye akaunti au paybili ya klabu, usimpe mtu mkononi. Siku hiyohiyo mwandikie mweka hazina mistari miwili: umelipa ili usihesabiwe mdaiwa, na malipo hayo hayamaanishi kuwa unakubali nyongeza ilipitishwa kihalali. Risiti na nakala ya mistari hiyo uziweke pamoja.

Sasa haki yako. Ukiomba "kumbukumbu za kamati" kwa jumla, huna pa kushika. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inakitaka chama kiwe na rejista ya wanachama, kitunze vitabu vya hesabu, na kiitishe mkutano mkuu kila mwaka ambapo wanachama wanaonyeshwa fedha iliyoingia na iliyotoka. Haimwamrishi katibu kumfungulia kila mwanachama daftari la vikao vya kamati. Katiba yenu nayo imenyamaza. Kwa hiyo katibu anaposema hapana kwa ombi lililo wazi namna hiyo, hajavunja kitu.

Lakini vifungu vitatu ulivyovitaja, ukivisoma pamoja, vinakupa njia ambayo hukuiona. Fedha haitoki benki bila azimio la kamati. Azimio la kamati halina mahali pengine pa kuishi isipokuwa ndani ya kumbukumbu. Basi ukurasa wenye azimio la kuidhinisha malipo ni hati inayohusiana na vitabu vya hesabu, sawa na vocha, risiti na taarifa ya benki, na hati hizo zote zimefunguliwa kwako kwa notisi ya siku 7. Mkaguzi wa hesabu akija huomba ukurasa huohuo, wala hakuna anayemwambia ni siri. Huombi kusoma nani alimkaripia nani kikaoni. Unaomba azimio, na karatasi zilizolifuata.

Jiko lina tofauti kidogo, kwa sababu pale fedha inaingia badala ya kutoka. Hata hivyo kodi ya mpishi ni mapato, lazima ionekane kitabuni kila mwezi, na kinachoeleza kwa nini ni kiasi hicho ni mkataba. Mkataba, risiti za kodi, amana aliyoweka kama ipo, na azimio lililompa jiko, vyote vinaingia chini ya "hati zinazohusiana". Barua za waombaji wengine zina ubishi zaidi; ziombe, lakini usizifanye ndiyo nguzo ya ombi lako.

Kuhusu ada huenda huhitaji kumbukumbu hata kidogo. Fungua katiba kwenye kifungu cha ada usome kama kiasi chenyewe kimetajwa. Ikiwa Sh6,000 imeandikwa mle, kamati haina uwezo wa kuibadilisha, hata wangeketi vikao kumi na kumbukumbu zikawa safi kama maji ya kisima. Kubadili kiasi ni kubadili katiba. Kwa mtindo ule wa kawaida, hilo linataka theluthi 2 ya wanachama kwenye mkutano mkuu, kisha idhini ya maandishi ya Msajili kabla ya kuanza kutumika, kwa ombi lililotiwa sahihi na viongozi 3. Ikiwa katiba yasema tu "ada itakayopangwa na kamati", basi walikuwa na uwezo, na ulilobaki nalo ni kuangalia kama kikao chenyewe kilikuwa halali: akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo) ilitimia, wajumbe wote walipewa taarifa, azimio liliandikwa.

Kabla ya kuandika barua, tazama cheti cha usajili kilichotundikwa ofisini, usitegemee maneno ya watu. Klabu inayoitwa "ya michezo" huenda imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na huko migogoro ina baraza lake. Nyingine ni kampuni isiyo na hisa, yenye dhamana ya wanachama. Hapo kumbukumbu za mkutano mkuu ni haki ya mwanachama kuzisoma, lakini za wakurugenzi haziko wazi kwake kwa uanachama peke yake. Vikundi vidogo vya mtaani navyo vina sheria yao ya 2022. Ukituma malalamiko kwa msajili asiyehusika utapoteza miezi, na barua itarudi bila kusomwa ndani.

Sasa barua. WhatsApp si "notisi ya maandishi" ambayo ungependa kuitetea mbele ya mtu. Andika karatasi, ipeleke ofisi iliyosajiliwa ya klabu, nakala mbili, na atakayepokea aandike kwenye nakala yako "Nimepokea", jina, tarehe na sahihi. Akikataa kutia sahihi, iache mbele ya shahidi kisha utume nyingine kwa rejista ya posta, na ya tatu kwa baruapepe ya klabu. Maneno yawe machache:

"Kwa Katibu. Mimi ni mwanachama nambari ___, ada yangu imelipwa hadi ___ (risiti nambari ___). Kwa mujibu wa kifungu cha ___ cha katiba, natoa notisi kwamba nitafika ofisini tarehe ___ saa 4 asubuhi kukagua hati zifuatazo za kipindi cha Januari hadi leo: (a) kitabu cha fedha na taarifa za benki, (b) mkataba wa kukodisha jiko na risiti za kodi, (c) dondoo ya kumbukumbu za kamati yenye azimio la kukodisha jiko na azimio la kupandisha ada, (d) orodha ya wanachama. Sehemu yoyote inayohusu nidhamu, afya au mshahara wa mtu sihitaji kuiona. Nitafuatana na mwanachama nambari ___. Iwapo siku hiyo haifai, tafadhali nipe nyingine ndani ya siku 14."

Kila kipande hapo kina kazi. Nambari ya risiti inafunga mlango wa "wewe ni mdaiwa". Kipindi kilichotajwa kinazuia jibu kwamba umeomba mambo ya miaka yote. Neno "dondoo" linampa katibu njia ya kukubali bila kutoa daftari zima. Ile sentensi ya nidhamu na afya inaondoa udhuru wa faragha kabla haujatamkwa. Kuhusu siku, hesabu kwa uangalifu: "isiyopungua siku 7" husomwa kama siku 7 kamili, bila kuhesabu siku ya kupeleka barua wala siku ya kufika. Barua ikipokelewa tarehe 1, usitake kuingia tarehe 8. Taja tarehe 10 au 11 ulale usingizi.

Hilo la faragha lina ukweli ndani yake, na nisingependa uende ukidhani kila anayesema "siri" ni mwizi. Kamati hujadili mwanachama aliyelewa akavunja kioo, mfanyakazi anayeomba mkopo, mjane anayeomba msaada, maombi ya watu wanaotaka kujiunga, ushauri wa wakili kuhusu kesi, bei za zabuni ambazo bado hazijafunguliwa. Mambo hayo yakitapakaa mtaani klabu inaumia, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azichunge. Dawa yake ni kufunika. Katibu huweka karatasi nyeupe juu ya aya zinazohusu mtu, akapiga nakala, akaandika pembeni "imefunikwa: nidhamu". Dakika 10 za kazi. Tena baadhi ya siri zina umri: bei za waombaji zilikuwa siri hadi mkataba ulipotiwa sahihi, na sasa mpishi keshaanza kukaanga.

Siku ya ukaguzi fika na kalamu, daftari, kikokotoo na yule mwenzako. Neno la katiba ni "kukaguliwa", halisemi "kupewa nakala", kwa hiyo usishtuke ukiambiwa huruhusiwi kupiga picha kwa simu. Omba kwa adabu. Wakikataa, nakili kwa mkono, na mwisho mwombe katibu atie herufi za jina lake chini ya ulichonakili kuthibitisha ni sawa na daftari. Usitoke na karatasi yoyote ya klabu, hata wakikuambia uichukue ukairudishe kesho. Ikipotea ofisini kwao baadaye, itasemwa uliondoka nayo wewe.

Unapofungua ukurasa, tazama kwanza umbo kabla ya maneno. Kumbukumbu zilizoandikwa vizuri zina tarehe, mahali, saa ya kuanza na kufunga, waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiofika bila udhuru, na kila jambo lina nambari yake. Azimio la jiko lingepaswa kusomeka hivi:

"KUMB 5/3: Kukodisha jiko. Kamati ilipokea maombi 3 (barua zimeambatishwa, A hadi C). Mweka hazina alieleza bei za kila mwombaji. Mjumbe mmoja alitamka kuwa mwombaji B ni shemeji yake, akatoka nje. Iliazimiwa mwombaji C apewe jiko kwa miaka 5 kwa kodi ya Sh___ kwa mwezi, amana ya miezi 2, kuanzia ___. Alipendekeza ___, akaunga mkono ___. Waliopinga: 1. Utekelezaji: katibu, kabla ya tarehe ___."

Mistari hiyo inajibu karibu kila unachouliza. Ukikuta imeandikwa tu "suala la jiko lilijadiliwa na kupitishwa", huo ni udhaifu wa kuuleta mkutanoni, ingawa haumaanishi kuna wizi. Makatibu wengi huandika hivyo kwa uvivu.

Halafu tazama sahihi. Kumbukumbu za kikao huthibitishwa kwenye kikao kinachofuata. Mwenyekiti na katibu hutia sahihi na tarehe ya siku hiyo. Kabla ya hapo ni rasimu, na kukunyima rasimu ni haki yao, kwani wajumbe wenyewe bado hawajakubali kwamba ndivyo ilivyosemwa. Ila rasimu haiwezi kubaki rasimu mwaka mzima. Katiba za mtindo huu huitaka kamati ikutane angalau mara moja kila miezi 3, kwa hiyo kikao cha Machi kilipaswa kuthibitishwa kufikia Juni. Wakikuambia bado hazijathibitishwa, uliza swali moja tu: kikao kilichofuata kilikuwa lini? Ama hakikufanyika, na hilo ni kosa la katiba, au kilifanyika na sahihi zipo.

Daftari lililopikwa hujionyesha. Vikao vya miezi 6 vimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko ukiwa haujachoka hata mahali pamoja. Kurasa ni za kuchomekwa na nambari zinaruka. Mjumbe aliyekuwa safarini anaonekana amehudhuria na kuunga mkono hoja mbili. Kikao cha Machi kinataja kiasi kilichokuja kujulikana Mei. Mbaya kuliko zote ni azimio lenye tarehe ya baada ya hundi: pesa zilitoka tarehe 4, kamati "ikaidhinisha" tarehe 19. Kwa hiyo linganisha kila azimio na taarifa ya benki au ya paybili, tarehe kwa tarehe. Huo ndio ukaguzi wenyewe. Kusoma hotuba za wajumbe ni burudani.

Lakini jiandae kwa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la kawaida zaidi: kumbukumbu hazipo. Kamati ilikubaliana kwenye kundi lake la WhatsApp saa 4 usiku, watu wakaweka vidole gumba, na katibu hakuandika chochote. Ukali wa "ni siri ya kamati" mara nyingi unaficha daftari tupu. Ukiona dalili hiyo, usiwabane wakazipika. Omba wakuandikie kwamba kumbukumbu za kikao hicho hazikupatikana. Katiba yenu imempa katibu kazi ya kuzitunza, na fedha iliyotoka bila azimio lililoandikwa imetoka kinyume cha katiba. Hiyo ni hoja nzito mkutanoni kuliko ukurasa wowote ambao ungeusoma. Vidole gumba si kikao, isipokuwa katiba yenu imeruhusu kuamua mambo kwa njia hiyo, au kikao halisi kimekaa baadaye kikayathibitisha.

Ukinyamaziwa siku 14, andika barua ya pili kwa mwenyekiti, nakala kwa mweka hazina, wadhamini kama mnao, na mkaguzi wa hesabu. Ambatisha ya kwanza. Usiongeze hasira wala tuhuma. Neno "wizi" likiingia kwenye barua bila ushahidi, ndilo watakalolijadili, na wewe utageuka kuwa ajenda ya nidhamu.

Hatua ya tatu ni mkutano mkuu maalum kwa ombi la wanachama. Katiba inataja idadi ya sahihi zinazotakiwa. Itafute, kisha kusanya zaidi kidogo, kwa sababu baadhi watakanusha na baadhi watakutwa na deni la ada. Kila sahihi iwe na jina, nambari ya uanachama na tarehe. Kwa kawaida mkutano unapaswa kufanyika ndani ya siku 21 tangu tarehe ya ombi, na hapo kuna mtego: mkutano maalum haujadili neno lolote ambalo halikuandikwa kwenye ombi. Ukiandika "kujadili hali ya klabu", mwenyekiti atakuachia uongee saa nzima, kisha atakuambia hakuna azimio linaloweza kupitishwa. Andika hoja kama zitakavyopigiwa kura: kwamba kamati iweke mezani mkataba wa jiko na azimio lake, kwamba nyongeza ya ada isitishwe hadi mkutano uamue, kwamba dondoo za maazimio ya fedha zibandikwe ubaoni. Tatu zatosha.

Baada ya hapo ndipo Msajili wa Vyama, ofisi yake ikiwa Sheria House, Nairobi. Yeye ana uwezo wa kukitaka chama kitoe hesabu na maelezo, na ofisini kwake kuna faili la klabu yenu lenye katiba iliyosajiliwa na ripoti za mwaka. Ningekushauri uombe kuliona faili hilo mapema, hata kabla ya barua ya kwanza, kwa sababu moja: katiba inayozungushwa klabuni si lazima iwe ndiyo iliyosajiliwa. Ikiwa Sh6,000 imo kwenye nakala ya Msajili na haimo kwenye ya ofisini, una jambo jingine kabisa mkononi.

Utasikia watu wakikuambia utumie Ibara ya 35 ya Katiba ya nchi na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ibara hiyo humpa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Ile sheria ya 2016 nayo ina muda wa majibu wa siku 21, na malalamiko yake huenda kwa Tume ya Utoaji wa Haki za Kiutawala. Kwa klabu yenye ruzuku ya kaunti au inayotumia mali ya umma, njia hiyo ina nguvu. Kwa klabu inayoendeshwa kwa ada za wenyewe na samaki wa kupaka wa jioni, ni njia ndefu, na utakayempelekea atakuuliza kama ulimaliza ngazi za katiba yenu. Mahakama itauliza hivyohivyo, kwa gharama zaidi.

Wasomaji wetu walioko California, ambao huandika kuuliza habari za jumuiya zao za Waafrika Mashariki, wana hali tofauti. Kule sheria ya mashirika yasiyo ya faida, vifungu vya 6333 na 8333, inampa mwanachama haki ya kukagua kumbukumbu za bodi na za kamati zake akiomba kwa maandishi na akieleza sababu inayohusiana na maslahi yake kama mwanachama. Tatizo lao huwa jingine: jumuiya nyingi humwita kila mchangiaji "mwanachama" wakati kanuni zake hazimpi kura. Asiye na kura huenda si mwanachama machoni pa sheria hiyo. Asome kanuni kwanza.

Kuhusu kutolewa kwenye kundi la WhatsApp: halina uzito wa kisheria lakini lina madhara. Uanachama wako uko kwenye rejista, hauko kwenye simu ya mwenyekiti. Ila kama matangazo ya mikutano hupitia kundini tu, utakosa mkutano mkuu bila kujua. Mwandikie katibu kwamba matangazo yako yapite baruapepe na sanduku la posta, ukitaja yote mawili. Mkutano mkuu wa mwaka hutangazwa kwa notisi ya siku 21 pamoja na hesabu na ajenda. Ukifanyika bila wewe kuarifiwa baada ya barua hiyo, uhalali wake una kasoro uliyoiandika mapema.

Dawa ya kudumu ni kujaza ule ukimya wa katiba. Hoja ya marekebisho yaweza kusema: "Kumbukumbu za kamati zilizothibitishwa zitakuwa wazi kwa mwanachama kwa notisi ya siku 7, isipokuwa sehemu zinazohusu nidhamu, afya, mishahara, maombi ya uanachama, ushauri wa wakili na zabuni zisizofungwa, sehemu iliyofunikwa itajwe sababu yake." Inahitaji ile theluthi 2 na Msajili, na itachukua muda. Mimi ningeanza na kitu kidogo kisichogusa katiba: mkutano uiagize kamati kubandika ubaoni orodha ya maazimio ndani ya siku 14 baada ya kila kikao, ukurasa mmoja, bila majina ya waliosema nini. Makatibu wengi wakizoea karatasi hiyo huipenda, kwani simu za kuulizwa hupungua.

Na siku utakapokaa ofisini na madaftari mbele yako, omba rejista ya wanachama kwanza, kabla ya fedha na kabla ya jiko. Tafuta jina lako, tarehe ya kujiunga, na ule mstari wa ada. Kama kuna aliyekwisha kulikata, ulijue hilo ungali na risiti mfukoni na shahidi kando yako.